Doria ya wanafunzi ziwani

Doria ya wanafunzi ziwani ni kazi ya msimu inayofanywa na wanafunzi, hasa wa vyuo, wakati wa likizo ndefu ya majira ya joto kwa lengo la kulinda afya ya ziwa. Kazi hiyo imeenea hasa kaskazini mwa Marekani, kwenye majimbo yenye maziwa mengi kama New York, New Hampshire, Maine, Wisconsin na Minnesota. Wanaoifanya huitwa kwa majina mbalimbali: wasimamizi wa ziwa, wenyeji wa ziwa au wakaguzi wa boti.

Hawabebi silaha, na mara nyingi hawana mamlaka ya kumtoza mtu faini. Kazi yao kubwa ni kusimama mahali boti zinaposhushwa majini, kuzikagua, kuondoa mimea na wanyama walionasa, na kumweleza mwenye boti sababu ya kufanya hivyo. Pengine hupima pia hali ya maji na kuangalia dalili za mwani wenye sumu.

Msingi wa kazi hii ni jambo moja: spishi vamizi ikishaenea ndani ya ziwa kubwa, ni nadra sana kuiondoa kabisa. Kwa hiyo nafasi bora ya kuokoa ziwa iko nchi kavu, dakika chache kabla boti haijagusa maji.

Afya ya ziwa

Ziwa huhesabiwa kuwa na afya nzuri kama maji yake yana oksijeni ya kutosha, virutubisho visivyozidi kiasi, na viumbe wa asili wanaotegemeana bila kundi moja kuyameza mengine. Mambo mawili huharibu hali hiyo mara nyingi zaidi.

Jambo la kwanza ni wingi wa virutubisho, hasa fosforasi na nitrojeni. Virutubisho hivyo hutoka katika mbolea za mashamba na bustani, vinyesi vya mifugo, vyoo vyenye mashimo mabovu na udongo unaosombwa na mvua. Virutubisho vikizidi, mwani huongezeka haraka. Unapokufa na kuoza hutumia oksijeni ya maji, na samaki hukosa hewa. Aina fulani za sianobakteria, ambazo watu wengi huziita mwani wa buluu-kijani, hutoa sumu inayoweza kudhuru watu, mbwa na mifugo.

Madhara yake yalionekana wazi mwezi Agosti 2014 katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio. Sumu ya sianobakteria kutoka Ziwa Erie ilifika kwenye mitambo ya maji, na zaidi ya watu 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Kuyachemsha hakukuwa dawa, kwa sababu sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kuchemshia maji.

Jambo la pili ni spishi vamizi, yaani viumbe walioletwa kutoka mahali pengine ambao huongezeka bila adui wa asili wa kuwapunguza. Doria ya wanafunzi hushughulika zaidi na jambo hili la pili, kwa kuwa ndilo linaloweza kuzuiwa kwa mikono na macho ya mtu mmoja aliyesimama ukingoni mwa maji.

Jinsi spishi vamizi zinavyosafiri

Bahari na milima ilikuwa mipaka ya viumbe vya maji matamu kwa maelfu ya miaka. Samaki au konokono wa ziwa moja hawezi kutembea juu ya nchi kavu kwenda ziwa lingine. Mwanadamu aliivunja mipaka hiyo kwa njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni meli kubwa. Meli isiyo na shehena huchukua maji ya farumi ili isipinduke, kisha huyamwaga inapofika bandari ya kupakia. Inaaminika kwamba kwa njia hiyo kome-milia (Dreissena polymorpha), ambaye asili yake ni eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, alifika Amerika ya Kaskazini. Aligunduliwa mwaka 1988 katika Ziwa St. Clair, kati ya Marekani na Kanada, na baada ya miaka michache alikuwa ameenea katika Maziwa Makubwa yote.

Njia ya pili ni boti ndogo za starehe na za uvuvi. Nchini Marekani familia nyingi huweka boti juu ya trela na kuivuta kwa gari kutoka ziwa moja hadi jingine. Boti inaweza kuwa katika ziwa lenye kome-milia Jumamosi, na katika ziwa safi umbali wa kilomita 300 siku ya Jumapili. Kipande cha gugu kilichozunguka pangaboi, matope kwenye nanga au maji kidogo ya ngama hutosha kubeba mbegu ya tatizo.

Kwa sababu hiyo ziwa la mlimani lisilofikiwa na meli yoyote linaweza kupata mgeni kutoka bara lingine. Mgeni huyo hupita barabarani, kwa mwendo wa magari.

Viumbe wanaotafutwa

Wakaguzi hufundishwa kutambua viumbe kadhaa, kutegemea eneo lao. Wanaojulikana zaidi ni hawa wafuatao.

Kome-milia ni mdogo, kwa kawaida hazidi urefu wa sentimita chache, naye ana mistari kama ya pundamilia kwenye kombe lake. Hujishikiza kwa nyuzi ngumu juu ya mawe, mabomba, nguzo za magati na hata juu ya kome wengine. Jike mmoja anaweza kutoa mayai mamia ya maelfu kwa mwaka. Mabuu wake ni wadogo mno na huonekana kwa hadubini tu. Wanaelea ndani ya maji, kwa hiyo husafiri katika maji yoyote yaliyobaki ndani ya boti. Kome mzima anaweza kuchuja takriban lita moja ya maji kwa siku na kula planktoni ambayo samaki wadogo wanaitegemea. Maji huonekana meupe na safi, lakini chakula cha ziwa kimepungua.

Kome-kwaga (Dreissena rostriformis bugensis) ni ndugu yake, na anaweza kuishi kwenye kina kirefu zaidi na katika maji baridi zaidi. Mnamo Januari 2007 aligunduliwa katika Ziwa Mead, magharibi mwa nchi, mbali sana na Maziwa Makubwa. Ugunduzi huo uliwashtua wasimamizi wa maji wa majimbo ya magharibi, kwa kuwa ulionyesha kwamba umbali si kinga.

Gugu la Ulaya na Asia (Myriophyllum spicatum) ni mmea unaokua chini ya maji na kufika juu, ambako hutandaza mkeka mzito. Pangaboi likiukata, kila kipande kinaweza kuota mizizi na kuwa mmea mpya. Kwa hiyo mwenye boti anayepita katikati ya magugu anaweza kuyaeneza akidhani anayafyeka.

Kombe wa Asia (Corbicula fluminea) huishi katika mchanga wa chini. Ana viungo vya kiume na vya kike pamoja, naye anaweza kujirutubisha mwenyewe. Kwa maneno mengine, kombe mmoja aliyemwagwa pamoja na mabaki ya chambo anatosha kuanzisha kizazi.

Kiroboto-maji mwenye mwiba (Bythotrephes longimanus) ni mnyama mdogo wa planktoni mwenye mkia mrefu wenye miiba. Hunasa kwenye nyuzi za kuvulia na kuonekana kama pamba iliyolowa. Samaki wadogo hushindwa kumla kwa sababu ya mwiba wake, ilhali yeye hula planktoni ambayo ingekuwa chakula chao.

Kazi ya siku moja

Mkaguzi hufika mapema kwenye mteremko wa kushushia boti, kwa sababu wavuvi wengi huanza safari alfajiri. Huvaa fulana au kizibao chenye alama ya mradi ili atambulike, na huwa na kishikwambi au fomu za karatasi, glavu, ndoo na koleo dogo la kutolea mimea.

Gari lenye boti likifika, mkaguzi humsalimu mwenye boti na kumwomba ruhusa. Swali la kwanza huwa la muhimu kuliko yote: boti hii ilikuwa katika maji gani mara ya mwisho, na ni siku ngapi zilizopita? Jibu lake huonyesha kiasi cha hatari. Boti iliyokaa gereji tangu mwaka jana si sawa na boti iliyotoka jana katika ziwa lenye kome-milia.

Baada ya hapo hufuata ukaguzi wenyewe. Mkaguzi huizunguka boti kwa utaratibu uleule kila mara ili asisahau sehemu. Huangalia:

- pangaboi na sehemu ya chini ya injini, ambapo magugu hujizungusha;
- magurudumu, ekseli na mbao za trela, ambazo huzama majini wakati boti inaposhushwa;
- nanga pamoja na kamba yake, hasa matope yaliyoganda;
- tangi la kuwekea samaki hai na ndoo za chambo;
- maji ya ngama na vizibo vya kuyatolea;
- nyuzi za kuvulia, nyavu, makasia na jaketi za kuokolea maisha.

Kome wadogo walioshika ubavuni mwa boti hawaonekani kwa urahisi. Mkaguzi hupitisha kiganja juu ya ubavu. Ukikwaruza kama msasa mahali panapotakiwa kuwa laini, huenda kuna kome wachanga.

Kitu chochote kinachopatikana huondolewa na kuwekwa mbali na maji. Mmea usiojulikana hutiwa katika mfuko wenye tarehe na mahali, kisha hupelekwa kwa mtaalamu. Taarifa za kila boti huandikwa: aina yake, ilikotoka, kilichopatikana, na kama mwenye boti alikuwa ameisafisha kabla ya kuja.

Ukaguzi hufanyika pia boti inapotoka majini. Watu wengine hujiuliza faida yake, kwa kuwa boti hiyo inaondoka. Faida ni ya ziwa linalofuata. Ziwa lenye gugu vamizi linaweza kuwa chanzo cha maambukizi kwa maziwa mengine mengi, na mkaguzi anayesimama hapo hulinda maji ambayo pengine hatayaona kamwe.

Safisha, mwaga, kausha

Mafundisho yote ya doria hufupishwa kwa maneno matatu: safisha, mwaga, kausha.

Kusafisha ni kuondoa matope, mimea na wanyama wote wanaoonekana. Kumwaga ni kutoa maji yote katika injini, ngama, matangi na ndoo, mbali na ziwa. Kukausha ni kuiacha boti na vifaa vyake juani kwa siku kadhaa kabla ya kwenda maji mengine, kwa sababu viumbe wengi wa majini hufa wakikosa unyevu. Wakati wa baridi na unyevunyevu muda huo unatakiwa kuwa mrefu zaidi, maana kome mzima anaweza kuishi siku kadhaa nje ya maji.

Kama hakuna muda wa kukausha, maji ya moto hutumika. Maji yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi yakielekezwa kwenye ubavu, injini na matangi huua kome na mabuu wao. Hakuna kemikali inayohitajika. Kazi hii hufanywa na wafanyakazi waliofundishwa kutumia mashine ya maji ya moto yenye nguvu, na maji machafu huzuiwa yasirudi ziwani.

Historia

Mpaka miaka ya 1980 mapambano dhidi ya magugu ya maji yalifanyika zaidi baada ya magugu kuingia. Vyama vya wenye nyumba kando ya ziwa vilichanga fedha za kuyang'oa kwa mikono, kuyakata kwa mashine, kuyafunika kwa mikeka au kuyapulizia dawa. Gharama zilijirudia kila mwaka bila mwisho. Kuenea kwa kome-milia baada ya 1988 kuliongeza hofu, kwa sababu waliziba mabomba ya mitambo ya maji na ya vituo vya umeme.

Hapo wazo la kinga lilianza kupata nguvu. Mwaka 2002 shirika la NH LAKES la jimbo la New Hampshire lilianzisha mpango wa wenyeji wa ziwa, ambao huweka watu wa kulipwa na wa kujitolea kwenye miteremko ya boti. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, Chuo cha Paul Smith's kilijenga mpango wa wasimamizi wa maji kupitia taasisi yake ya utafiti. Chuo hicho kiko ndani ya Hifadhi ya Adirondack, iliyoanzishwa mwaka 1892, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 24,000 na zaidi ya maziwa na mabwawa 3,000.

Upande wa magharibi, Ziwa Tahoe kwenye mpaka wa California na Nevada lilifanya ukaguzi kuwa wa lazima mwaka 2008, muda mfupi baada ya kome-kwaga kuonekana katika Ziwa Mead. Huko boti haiwezi kushushwa bila kukaguliwa.

Mfano wa Ziwa George

Ziwa George liko katika jimbo la New York, kusini-mashariki mwa milima ya Adirondack. Lina urefu wa takriban kilomita 51 na eneo la kilomita za mraba 114 hivi. Maji yake hutiririka kuelekea kaskazini na kuingia Ziwa Champlain. Ni ziwa maarufu kwa maji yake maangavu, na wakazi wengi wa kando yake huyanywa.

Chama cha Ziwa George kilianzishwa mwaka 1885, nacho ni kati ya vyama vya zamani kabisa vya kuhifadhi ziwa nchini Marekani. Hata hivyo umaarufu wa ziwa ulileta pia boti nyingi, na boti zilileta wageni. Gugu la Ulaya na Asia liligunduliwa ziwani mwaka 1985. Kome-milia walionekana mwaka 1999, wapiga mbizi wakawaokota kwa mikono. Kalisi ya ziwa hilo ni kidogo, na kome huhitaji kalisi kujenga makombe yao. Jambo hilo liliwasaidia wahifadhi. Kombe wa Asia alionekana mwaka 2010, na kiroboto-maji mwenye mwiba mwaka 2012.

Ziwa Champlain lililo jirani linaonyesha hali ingeweza kuwaje. Kome-milia waliingia huko mwaka 1993 na wakaenea, na leo ziwa hilo lina spishi ngeni zipatazo hamsini. Umbali kati ya maziwa hayo mawili ni mfupi, na watu wenye boti huenda kote kuwili.

Kwa miaka kadhaa wasimamizi wa msimu, wengi wao wanafunzi, walikagua boti za Ziwa George kwa hiari ya wenye boti. Aliyekataa aliachwa apite. Takwimu walizokusanya zilionyesha kwamba boti zilikuwa zikifika kutoka katika maji mengi yaliyokwisha kuvamiwa, na baadhi zikiwa na mimea au wanyama juu yake. Orodha hizo za mteremkoni zilikuwa sehemu ya hoja za kutaka sheria.

Mwaka 2014 Tume ya Hifadhi ya Ziwa George ilianza ukaguzi wa lazima. Kila boti inayovutwa kwa trela inatakiwa kufika ikiwa safi, imemwagwa maji na imekauka. Isipotimiza masharti huoshwa kwa maji ya moto. Boti inayotoka ziwani inaweza kufungwa kwa lakiri inayoiunganisha na trela yake. Ikirudi na lakiri haijakatwa, ni ushahidi kwamba haijaingia maji mengine, na inaruhusiwa kupita bila ukaguzi mpya.

Ukaguzi haukuondoa kila hatari. Mnamo Novemba 2020 kuchanua kwa sianobakteria kulithibitishwa kwa mara ya kwanza katika Ziwa George. Tatizo hilo halikuletwa na trela; linahusiana na hali ya hewa na virutubisho. Lilikumbusha kwamba ziwa lina milango zaidi ya mmoja, na kwamba mteremko wa boti ni mmojawapo tu.

Kupima hali ya maji

Katika maziwa mengi wanafunzi wa doria hupewa pia kazi ya vipimo. Kipimo rahisi kuliko vyote ni sahani ya Secchi, iliyopewa jina la Angelo Secchi, padri na mtaalamu wa falaki wa Italia aliyeitumia mwaka 1865. Kwa maji matamu ni sahani yenye kipenyo cha sentimita 20, iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa robo. Hushushwa kwa kamba yenye alama mpaka isionekane tena, kisha kina chake huandikwa. Kina kikipungua mwaka hadi mwaka, maji yanazidi kuwa na mwani au matope.

Vipimo vingine ni joto la maji, kiasi cha oksijeni kwenye vina mbalimbali, na sampuli za maji zinazopelekwa maabara kupimwa fosforasi. Wanafunzi hutembea pia ukingoni kuangalia maji yenye rangi ya kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika, ambayo ni dalili ya sianobakteria. Wakiiona hupiga picha, huchukua sampuli kwa glavu na kutoa taarifa kwa idara ya afya, ili waogeleaji waonywe.

Thamani ya vipimo hivi iko katika kurudiwa. Kipimo kimoja hakisemi mengi, lakini miaka ishirini ya vipimo vilivyochukuliwa mahali pamoja kwa njia ileile huonyesha ziwa linaelekea wapi. Kila mwanafunzi huongeza mistari michache kwenye daftari lililoanzishwa na wengine kabla yake.

Kwa nini wanafunzi

Sababu ya kwanza ni kalenda. Likizo ndefu ya vyuo vya Marekani huanza Mei au Juni na kuisha mwishoni mwa Agosti, na hicho ndicho kipindi ambacho boti ni nyingi zaidi. Mashirika madogo hayawezi kuajiri watu wa mwaka mzima kwa kazi ambayo ziwa likiganda barafu haipo.

Sababu ya pili ni mafunzo. Mwanafunzi wa biolojia au mazingira hujifunza kutambua mimea, kukusanya takwimu kwa uaminifu na kuandika taarifa. Wapo waliotoka kwenye mteremko wa boti wakaendelea kuwa watafiti, maofisa wa hifadhi au walimu.

Sababu ya tatu ni mazungumzo. Sehemu ngumu ya kazi si kulifahamu gugu, bali ni kumkabili mtu mzima aliyesubiri wiki nzima siku yake ya mapumziko, ambaye sasa anaombwa kusimama. Mwanafunzi anayeanza kwa lawama hupata hasira. Anayeanza kwa salamu na swali, akaonyesha kwa kidole kipande cha gugu kilichonasa kwenye trela, mara nyingi hupata msaidizi. Mwenye boti aliyeona kwa macho yake huenda akaikagua boti mwenyewe safari nyingine, hata pasipo na mkaguzi. Ndiyo maana waendeshaji wa miradi hii huhesabu elimu kuwa sawa na ukaguzi.

Mipaka na changamoto

Doria ya wanafunzi ina udhaifu unaojulikana. Wakaguzi huwepo kwa saa maalumu, mara nyingi mwishoni mwa juma na sikukuu. Boti inayoshushwa usiku au katikati ya juma inaweza kupita bila kuonekana. Nyumba nyingi za kando ya ziwa zina miteremko yao ya binafsi ambayo hakuna anayeisimamia.

Kalenda inayosaidia mwezi Juni huumiza mwezi Septemba. Wanafunzi wanaporudi vyuoni, wavuvi bado wapo majini, na katika maeneo mengi uvuvi huendelea hadi Oktoba au zaidi. Baadhi ya miradi hujaza pengo hilo kwa wastaafu wanaojitolea.

Mabuu ya kome hayaonekani kwa macho, kwa hiyo boti inayoonekana safi inaweza kuwa na hatari katika maji yake ya ngama. Hii ndiyo sababu swali la boti ilikotoka lina uzito kuliko mwonekano wake.

Fedha nazo ni tatizo la kila mwaka. Ni vigumu kuonyesha faida ya jambo ambalo halikutokea. Gugu likiingia, gharama ya kuling'oa huonekana kwenye hesabu. Lisipoingia, hakuna picha ya kuonyesha, na mtu anaweza kusema fedha za wakaguzi zilipotea bure. Watetezi wa doria hujibu kwa takwimu za boti zilizozuiwa na kwa mifano ya maziwa jirani yaliyochelewa.

Kuna pia mjadala kuhusu lazima na hiari. Wanaopendelea hiari husema kwamba ziwa ni mali ya umma na kwamba elimu hudumu kuliko amri. Wanaopendelea lazima husema kwamba boti moja iliyokataa kukaguliwa inaweza kufuta kazi ya boti elfu zilizokubali.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Tatizo la spishi vamizi si geni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari, likazuia mitumbwi na kuziba njia za maji, hasa katika Ghuba ya Winam karibu na Kisumu. Katikati ya miaka hiyo fukusi wa jenasi Neochetina walioletwa kula gugu hilo waliachiwa ziwani. Gugu lilipungua sana baadaye, lakini halikwisha, na hurudi kwa vipindi.

Mazingira ya maziwa hayo ni tofauti. Gugu maji huingia Ziwa Viktoria kwa wingi kupitia Mto Kagera na husukumwa na upepo, wala si kwa trela za barabarani. Chombo cha wavuvi wa Afrika Mashariki ni cha riziki, si cha starehe, na ulinzi wa ukingoni hufanywa zaidi na vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo huwaunganisha wavuvi wenyewe nchini Kenya, Tanzania na Uganda.

Somo hata hivyo ni lilelile. Ziwa Viktoria linaonyesha gharama ya kungoja mpaka kiumbe kigeni kienee. Maziwa mengine ya eneo hili, kama Tanganyika na Nyasa, yana mamia ya spishi za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kwa maziwa ya namna hiyo, ukaguzi wa vyombo, nyavu na chambo vinavyohamishwa kutoka maji mengine unaweza kuwa kinga nafuu kuliko tiba yoyote itakayotafutwa baadaye.

Tazama pia

- Spishi vamizi
- Gugu maji
- Ziwa Viktoria
- Maziwa Makubwa ya Amerika ya Kaskazini